Kimya cha Kuchovya Jiwe

Jiwe la sabuni likiwa limelowa ni mwongo mkubwa. Ulitoe majini, ulipapase, utaliona laini kama shavu la mtoto mchanga na utasema umemaliza. Lianike juani nusu saa. Mikwaruzo yote uliyoiacha itajitokeza, myeupe, kila mmoja mahali pake. Ndiyo maana mtu anayepiga msasa hapa kwetu Tabaka hawezi kuyaamini macho yake. Hata vidole havimsaidii, kwa sababu vikikaa ndani ya karai asubuhi nzima vinakunjamana na havihisi kitu. Lazima awe na kipimo kingine. Wako wanaohesabu kimoyomoyo. Mama mkwe wangu anaangalia kivuli cha nguzo ya banda. Mimi nilikuwa na wimbo.

Nilizaliwa upande wa Ikonge, kwenye majani chai, na kwenye chai mkono wa haraka ndio mkono wa sifa. Nilipoolewa Tabaka nilikuja na mikono hiyohiyo, maana sikuwa na mingine. Hapa wanaume ndio huchonga jiwe hilo kuwa sanamu za wanyama, kwa panga, visu na tupa, kisha wanawake tunapewa kilichochongwa, tunakaa na makarai ya maji na kupiga msasa. Msasa wa kwanza ni mkali, wa pili wa kati, wa tatu laini, na kila mmoja una muda wake. Ukiuharakisha wa kwanza, wa tatu hauwezi kukuokoa. Na kila baada ya muda mfupi lazima ulichovye jiwe, maana lile tope la msasa likikaa juu yake linageuka kuwa msasa mwingine na kuanza kukwaruza upya. Wiki yangu ya kwanza nilipiga msasa viboko wa mawe kama mtu anayekimbizana na gari la chai. Mama mkwe aliwaanika, akawatazama mmoja mmoja, akaniambia kwa Ekegusii, lugha tunayozungumza nyumbani, "Wewe mtu wa Ikonge, haya si majani. Ukiyaharibu leo hayachipui tena kesho."

Nilichukia. Mimi huchukia upesi, halafu natii polepole.

Banda lilikuwa kimya kwa namna yake. Mume wangu alichonga upande wa pili wa ukuta wa mabati, redio ikiwa imewashwa. Mama mkwe alikaa kulia kwangu, lakini masikio yake yalikuwa yameanza kuziba tangu zamani, na kumweleza kitu ilikuwa lazima upige kelele hadi jirani naye ajue. Basi nikawa najiimbia puani. Sauti ilianzia chini, ikapanda kidogo, ikazunguka hapo juu kana kwamba inatafuta pa kukaa, kisha katikati ikanyamaza. Haikunyamaza kwa ufundi wowote. Ukiinama juu ya karai kuchovya jiwe, tumbo linabanwa, pumzi inakwisha, na huwezi kuimba hata ukitaka. Ukiinuka, pumzi inarudi na wimbo unaendelea. Ulikaa hivyo miaka mingi, ukijirekebisha wenyewe bila mimi kuuamuru. Mizunguko fulani ilikuwa ya msasa mkali, mingine ya msasa wa kati, na ulipofika mwisho jiwe nalo lilikuwa limefika mwisho. Nililianika bila wasiwasi. Mawe yangu yalikauka safi.

Haukuwa na maneno. Sikuuimba kwa ajili ya Mungu, wala kwa ajili ya watu, wala hata kujifurahisha. Ila nitasema ukweli: katika boma lile kila kitu kilikuwa cha mtu. Nyumba ni ya mume, jiko ni la mama mkwe, shamba ni la ukoo, hata karai nililolikuta lilikuwa na alama ya misumari aliyoichora mke mwenza wa nyanya fulani aliyekwisha kufa. Wimbo ule ndio kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyenipa, na hakuna aliyejua ninacho. Nilikaa ndani yake kama mtu anayekaa ndani ya chumba na kufunga mlango.

Mlango ulifunguliwa na mwalimu wa kwaya. Sisi ni Wasabato, na mwaka ule kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa makambi, zile siku za mikutano mikubwa ambapo makanisa ya jirani hukusanyika uwanjani chini ya mahema. Mwalimu alikuja kuchukua sahani za mawe za kuwapa wahubiri wageni. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Alisimama mlangoni muda mrefu bila kubisha. Mimi sikumwona.

"Mama, hiyo wimbo ni ya nani?" akauliza. Yeye hupenda kutuzungumzisha Kiswahili, nadhani ni mazoea ya darasani.

"Si wimbo, mwalimu."

"Sasa ni nini?"

"Ni kazi tu."

Akacheka. "Hebu weka hiyo jiwe chini, uimbe tena nisikie."

Niliweka jiwe chini. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, hakuna aliyenishika mkono. Nikauimba mikono ikiwa mitupu, maji yakinidondoka kwenye sketi. Nikisema nilikataa, au niliona haya, nitakuwa nadanganya. Nilifurahi mno. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia, weka kazi chini nikusikie.

Kwenye mazoezi mwalimu aliutia maneno kuhusu mto na ng'ambo. Akaugawa kwa sauti nne. Halafu akafika pale katikati.

"Hapa kuna shimo," akasema. "Tukinyamaza hivi, watu watadhani tumesahau."

Akawapa wanaume wa besi sauti ya kujaza lile shimo, bomu-bomu-bomu, wakalijaza kama wanaoziba mashimo ya barabara. Kisha akaongeza mwendo, kwa sababu polepole vile watu wangesinzia baada ya chakula. Nilisimama mstari wa mbele, nikasikiliza, nikaona ni kweli, umependeza zaidi. Nilikubali kila kitu. Ningekubali hata wautie tarumbeta.

Siku ya makambi tuliimba mbele ya mahema yaliyojaa mpaka watu wamesimama nje juani. Wasabato hatupigi makofi kanisani. Mtu akiguswa anasema "Amina," na wimbo ukiwa mzuri sana "Amina" hiyo inatoka kila upande kwa pamoja, inashuka juu yako kama mvua juu ya bati. Tulipomaliza, mvua hiyo ilinyesha. Nilisimama pale nimevaa gauni la kijani la kwaya. Sijawahi kulewa pombe maishani mwangu, lakini najua kulewa ni nini.

Mama mkwe alikuwa ameketi mbele kabisa, mahali pa wazee. Nilimuuliza jioni, kwa kelele, kama alipenda.

"Mliimba vizuri," akasema. "Niliona."

Kisha ikaja video. Kwaya zote siku hizi lazima ziwe na video, na video lazima iwe na kijani kibichi nyuma, kwa hiyo tukapelekwa Ikonge, kwenye chai, nyumbani kwetu kabisa. Tulitembea katikati ya mistari ya chai tukiwa na viatu vya visigino, tukiinua mikono kuelekea ng'ambo, huku wimbo tuliorekodi ukitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya pikipiki. Kazi yetu ilikuwa kufungua midomo tu. Tulirudia mara nyingi kwa sababu ya jua, kwa sababu ya wingu, kwa sababu mwenzetu mmoja alikanyaga tope. Wanawake wanaochuma chai walisimama na vikapu vyao mgongoni kututazama. Niliwajua wote. Nilichuma nao nikiwa msichana.

"Dada, kwani sauti yako siku hizi inatoka kwa pikipiki?" mmoja akaniuliza, na wengine wakaangua kicheko.

Nilicheka pia. Usiku sikucheka.

Video ilipotoka, nikaanza ugonjwa mpya. Nilikuwa naweka simu juu ya gunia kando ya karai. Kila baada ya dakika chache nafuta kidole kwenye sketi, nagusa kioo, nasoma. "Mbarikiwe." "Nimelia." "Huyu mama wa mbele ana upako." Kioo kikajaa alama nyeupe za kidole changu hadi sura yangu mwenyewe kwenye video siioni vizuri. Mtu mmoja, simjui, aliandika kwamba wimbo ni mzuri ila unachelewa kumshika msikilizaji. Nilimfikiria mtu huyo siku tatu. Wale waliobarikiwa niliwasahau saa hiyohiyo.

Wakati wote huo nilikuwa napiga msasa, na nilikuwa naimba. Tena sasa niliimba kwa sauti, kwa sababu watu waliokuja bandani waliniomba. Wanunuzi waliopitia sokoni Masimba wakielekezwa kwetu waliambiwa, nendeni kwa yule mama wa wimbo. Niliwaimbia huku nikishika kiboko, wao wakinielekezea simu. Niliuimba ule wa kwaya, wa mwendo wa haraka, wenye bomu-bomu. Mikono ikaufuata. Mikono haina akili, inafuata inachosikia.

Mzee mwenye duka mjini Kisii ndiye aliyeliona kwanza. Ni mzee wa Kihindi, familia yake imekaa mjini tangu kabla mama mkwe hajaolewa, na amenunua mawe yetu tangu wakati wa baba mkwe. Hutazama kidogo sana. Anafumba macho na kupitisha dole gumba juu ya jiwe kavu. Siku hiyo mume wangu na mimi tulimpelekea kikapu, kila kiboko amefungwa kwa maganda makavu ya migomba. Akafungua wa kwanza, akafumba macho. Akafungua wa pili. Akaendelea hadi chini ya kikapu, kisha akaanza kuwafunga tena kwa maganda yaleyale, taratibu, kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniua.

"Mama, nani alipiga hii msasa?" akaniuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Hapana. Mkono yako mimi najua." Akanirudishia kikapu. "Hii ni mtu mwingine."

 Tulipofika nyumbani mume wangu akawaweka wale viboko juani, kwenye ukuta, wote wakitazama mlango wa nyumba. Mikwaruzo ilikuwa wazi kabisa. Ilikuwa mifupi, imepangana vizuri, na nilipoinama nikaona inakwenda kwa mapigo, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mpaka nikasikia besi zikiimba juu ya migongo yao. Waswahili wana msemo kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi ni Msabato, na tembo si habari yangu. Mimi nilisifiwa nikasahau maji.

"Acha kuimba," mume wangu akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, kwa sababu duka lile ndilo lililotusomeshea watoto.

Nikaacha. Ilikuwa mbaya zaidi. Bila wimbo sikujua msasa wa kwanza unaishia wapi, na nilipojaribu kuhesabu, besi ziliingia zenyewe kichwani, bomu-bomu-bomu. Nilijaribu kuurudisha wimbo wa zamani, ule wa puani. Haukuja. Kila nilipoanza, soprano, alto na tenor walikuwa wameshasimama mahali pao, wamevaa kijani, wananingoja. Nilikaa mbele ya karai nikalia, maana nilikuwa nimefungiwa nje ya kitu nilichokijenga mwenyewe, na funguo walikuwa nazo watu wote wa makambi.

Na makambi yalikuwa yanarudi. Mwalimu wa kwaya alipita karibu kila juma.

"Mama, mpya iko wapi? Watu wanangoja."

"Haijaja, mwalimu."

"Wewe piga msasa tu, itakuja. Si ndivyo ilikuja ile?"

Sikujua jinsi ya kumweleza kwamba msasa wenyewe nimeusahau. Nilimwambia tu nitajaribu. Na nilijaribu, kwa sababu, Mungu anisamehe, niliitaka ile mvua juu ya bati kuliko nilivyowataka viboko safi. Nilitunga vipande. Kila kipande kilikuja kikiwa tayari kimenyanyua mikono kuelekea ng'ambo. Nikikiimba mara mbili nakichukia.

Asubuhi moja kulikuwa na mazishi ya mzee wa jirani, na boma zima likaenda. Mama mkwe alibaki kwa sababu ya magoti, nami nikabaki kwa sababu yake. Simu niliiacha ndani ya nyumba, kwa kuwa ilikuwa inachajiwa. Sitaki mtu adhani niliiacha kwa hekima. Tukakaa bandani, yeye kulia kwangu, kila mtu na karai lake.

Baada ya muda nikahisi ananitazama mikono.

"Siku hizi huchovyi," akasema.

"Nachovya, Mama!" nikapaza sauti.

"Huchovyi. Unalinyunyizia jiwe maji kama padri." Alisema hivyo akiwa ameshaacha jiwe lake. Akajivuta na kigoda chake mpaka goti lake likagusa langu, akaweka mkono wake wa kulia juu ya wangu, mkono mzito, baridi, wenye ngozi kama karatasi iliyolowa. "Nilikuwa nakufuata wewe," akasema. "Kile kivuli cha nguzo macho yangu hayakioni vizuri siku hizi. Nilikuwa nakutazama wewe. Ukichovya, nami nachovya. Sasa umenipotezea njia."

 Miaka yote nilidhani niko peke yangu ndani ya chumba kile.

Akaanza kuusogeza mkono wangu. Aliusogeza polepole sana, kwa mwendo uleule wa zamani, mwendo ambao hakuwahi kuusikia hata siku moja. Aliuona tu, akauhifadhi mkononi. Mviringo, mviringo, kando ya sikio la kiboko, chini ya shingo. Nilifumba macho kama yule mzee wa dukani. Mkono wangu ulibishana kidogo, ukitaka kukimbia, yeye akaubana. Mviringo. Mviringo. Na kutoka mahali pa chini kabisa, bila kuitwa, ile sauti ikaja. Ilianzia chini. Ikapanda kidogo. Ikazunguka pale juu ikitafuta pa kukaa. Haikuwa na maneno wala besi. Niliimba puani, machozi yakinishuka mpaka kidevuni, na yeye hakusikia chochote, aliendelea tu kunisogeza mkono kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko.

Wimbo ukafika katikati, ukanyamaza, kama ulivyokuwa ukinyamaza tangu mwanzo.

Hapo nilitakiwa kuinama. Sikuinama. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimefumbua macho, nimeinua kichwa na kutazama mlangoni. Wimbo umekuwa mzuri, nilikuwa najiambia. Huo ndio mpya. Mwalimu angesikia. Nikatulia vile, shingo juu, ndani ya kile kimya, nikingoja "Amina."

Hapakuwa na mtu. Ua lilikuwa tupu, na viboko wetu walikuwa ukutani. Nikaumia. Niliumia kweli, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

"Chovya," akasema mama mkwe. "Jiwe linakauka."